Hesabu ya Fundi Jeneza

Ekerenyo,
Jumapili, 7 Septemba 2025

Kwako dada yangu Mama Valarie,

Salamu katika jina la Bwana wetu. Habari ya Kenyenya? Kile kifua chako kimepoa, au bado unakohoa kila ukikaa kwenye cherehani? Sisi huku ni wazima ila mguu wangu tu. Daktari amesema plasta itoke mwanzo wa Oktoba, kwa hiyo nimelazwa hapa sebuleni kama gunia la majani lililokataliwa na karani. Mvua inanyesha, chai inaota, na mzee wangu Obwocha anachuma kama mtu anayechambua mchele.

Watu bado wananisifia mkwe wangu. Siku ile ya Agosti mlipomleta kuposa, Orwa alikaa kule mwisho karibu na mlango, wala hakuinua macho nilipopita na sinia. Nilisema moyoni, mtoto huyu wa marehemu kaka yako, wewe Christabel umemlea kweli. Heshima hiyo kwetu tunaita chinsoni. Mkwe hamshiki mkono mama mkwe, hamtazami usoni, hamtanii. Vijana wengi wa mjini wameitupa. Huyu anayo.

Sasa nisikie, dada. Haya siwezi kukuambia kwa simu, kwa sababu Obwocha hukaa mlangoni na redio yake na hakuna neno linalompita. Phanice jirani yetu atakupa bahasha hii kesho akifika kazini huko kwenu. Ukisha kuisoma ichome.

Binti yangu Gesare alinipa simu yake ya zamani nisikilizie Biblia nikiwa nimelala. Ndani yake kulikuwa na mchezo wa vita. Nikaufungua nione ni nini, na kwa kweli nilichefuka. Unapewa mtu wako, unamvika vyuma, unampa silaha, anazunguka porini akiwapiga wengine. Kila pigo likitua, namba inaruka kutoka kichwani mwa aliyepigwa kama kiroboto. Thelathini na sita. Arobaini na tano. Mtu anapasuliwa kwa panga, na badala ya kulia anatoa namba. Halafu anakula kipande cha nyama na jeraha linafunga. Akifa anafufuka. Mimi nimekufa na kufufuka mara kumi na tatu kabla ya chai ya saa nne, dada, nikaona kinyaa hata kushika Biblia kwa mkono ule ule.

Utauliza kwa nini sikufuta. Nitakuambia ukweli kwa sababu ni wewe. Si vita vilivyonishika, ni hesabu. Unajua nimesimama pale kituo cha majani miaka kumi na moja nikimwangalia karani asituibie. Uzito wote, toa uzito wa gunia, kinachobaki ni chako. Nikadhani na hapa ni hivyo. Mtu wangu ana nguvu ya pigo sitini. Jambazi ana kinga arobaini, nayo imeandikwa ukimbonyeza. Sitini toa arobaini ni ishirini. Lakini inaruka thelathini na sita. Nimejaza kurasa nne za daftari la kamati ya kituo. Karani gani huyu?

Na kuna jambo la aibu zaidi. Majambazi ni wa simu yenyewe, lakini kuna kiwanja ambacho unapigana na watu wa kweli wa pande hizi zetu, kila mmoja amejificha kwa jina. Mimi nimejiita Mwiba wa Mlimani, kwa hiyo wanadhani ni mwanamume. Kuna mmoja anaitwa Fundi Jeneza, ana nyundo. Akikuona anaandika: "Mzee, nikupime futi ngapi?" Kisha anakupiga hamsini na tatu, tena hamsini na tatu, umekwisha. Mimi nimeanza kumjibu. Nimemwambia anapigana kama kuku aliyenyeshewa. Shemasi mzima, dada. Niombee, na usimwambie mtu.

Ni mimi,
Persis, Mama Gesare


Kenyenya,
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Mpendwa Mama Gesare,

Salamu nimepokea na kifua kimepoa, ahsante. Mguu pole. Nimekushonea mto mdogo wa kuwekea kisigino, Phanice anao.

Barua yako niliisoma dukani. Nilicheka mpaka mteja aliyekuja kupimwa sketi akaniuliza kama niko sawa. Kisha nikaacha kucheka. Dada, naomba uachane na mchezo huo. Mambo ya hesabu sikusaidii, unajua mimi napima kwa futi ya kitambaa tu na hata hiyo wateja wananibishia. Lakini huyo Fundi mwache kabisa. Ni mtu tu, anatafuta riziki yake huko aliko, na wewe ni mama mwenye heshima. Kwani amekutukana vibaya, ama ni utani wa vijana tu? Hilo nijibu, usilisahau.

Tuongee ya maana. Mzee wa kanisa Ogoti amenithibitishia kwamba majina ya Gesare na Orwa yatatangazwa kwenu Ekerenyo Sabato ya tarehe moja Novemba. Atawasimamisha wazazi mbele ya kanisa waseme wamekubali. Mimi nitasimama upande wa Orwa, wewe upande wa Gesare. Ukibaki umekaa, ameniambia, ndoa haisongi hapo hata kwa dawa. Kwa hiyo uutunze huo mguu.

Kitambaa chako cha harusi ni cha kijani kibichi. Usikatae, nimeshakikata.

Wako,
Christabel


Ekerenyo,
Jumapili, 28 Septemba 2025

Dada yangu Mama Valarie,

Hujambo? Mto umenisaidia sana, Mungu akubariki. Kijani sikitaki lakini nitavaa.

Nimeipata hesabu. Niache kidogo nijisifu, kisha nitakuambia uchafu wangu.

Nilimtafuta jambazi ambaye kinga yake ni sitini, sawa na nguvu ya pigo langu. Kwa hesabu ya gunia hakuna kitu kingebaki. Namba ikaruka thelathini. Nusu. Nikaweka kalamu chini. Basi hapa hakuna kutoa, kuna kugawana. Pigo na kinga wanakaa kama ndugu wawili wanaogawana shamba la baba yao. Unawajumlisha kwanza. Sitini na arobaini ni mia. Pigo lina sitini katika mia hiyo, kwa hiyo sitini kwa kila mia ya pigo ndiyo inayopita, na hiyo ni thelathini na sita. Nikajaribu mwenye kinga ishirini. Jumla themanini, sitini ndani ya themanini ni robo tatu, robo tatu ya sitini ni arobaini na tano. Ikaruka arobaini na tano. Nilipiga kelele Obwocha akadhani nimeanguka tena.

Kwa hiyo hata uvae chuma kiasi gani, kitu kidogo lazima kikufikie. Nilitaka kumwambia mtu wa darasa langu la Sabato habari hiyo, nikakumbuka nimeitoa wapi, nikanyamaza.

Umeniuliza kuhusu Fundi. Sasa ni mimi ninayempiga. Zamani pigo langu kwake lilikuwa thelathini, siku hizi linatua sitini nzima. Lake lilikuwa hamsini na tatu, siku hizi ni sita. Sita, dada, kama mtoto anayekugusa na ufagio. Nimemshinda mara kumi na saba. Nadhani nimekomaa. Na yeye amenyamaza, hasemi tena habari ya futi. Kimya hicho kikaniwasha. Nilitaka ajibu.

Sasa uchafu wenyewe. Alhamisi iliyopita, nilipomwangusha mara ya tatu na akanyamaza, nilimwandikia: "Mama yako hakukufunza kushika nyundo wala kushika adabu." Kidole hiki hiki kinachofungua kitabu cha nyimbo. Kisha akajibu: "Ni kweli. Hakupata nafasi."

Nikaona ni ujeuri. Nikacheka. Lakini tangu siku hiyo maneno yale yananirudia nikiomba. Najiona kama mtu aliyekanyaga kitu njiani na hajui ni nini, lakini harufu anaisikia mpaka ndani ya nyumba. Wewe unaonaje? Ni ujeuri, au ni mtoto wa watu nimemuumiza?

Nijibu upesi.
Persis


Kenyenya,
Ijumaa, 3 Oktoba 2025

Mama Gesare,

Nimepokea. Niko na kazi nyingi, nguo za harusi na sare za shule moja hapa, kwa hiyo sitaandika mengi.

Naomba usiniandikie tena habari za mchezo huo. Umeniuliza ninaonaje. Sioni chochote. Muulize Mungu.

Plasta ikitoka, tembea polepole.

Christabel


Ekerenyo,
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Kwa Christabel,

Plasta imetoka Jumanne. Natembea na gongo. Salamu nyingine sina.

Barua yako ilikuwa fupi kama risiti. Miaka ishirini tumeandikiana, tangu tulipoacha kuuza mitumba meza moja pale Masimba, na hujawahi kuniandikia hivyo hata ulipofiwa. Nikajiuliza nimekukosea nini. Nikarudi kwenye daftari, kwa sababu nikiwa na wasiwasi siku hizi ndiko ninakokimbilia, Mungu anisamehe, na nikaanza kuangalia zile sita.

Nguvu ya mchezaji mwenzako huwa imefichwa, wala picha yake haibadiliki hata akivua kila kitu. Unachoona ni namba tu. Basi nikaanza na sita, nikarudi nyuma. Kinga yangu ni arobaini, haijabadilika. Ni pigo la ukubwa gani linaloweza kugawana na arobaini likatoa sita? Nikajaribu thelathini, ikaja kumi na mbili. Nikajaribu ishirini na tano, ikaja tisa. Nikajaribu ishirini. Ikaja sita na kitu, na kile kitu mchezo hukitupa. Ishirini, Christabel, ni nguvu ya mtu asiye na silaha yoyote. Wote tunaanza na hiyo ishirini siku ya kwanza, mikono mitupu. Fundi alikuwa ameweka nyundo chini.

Nikaangalia na pigo langu. Sitini inatua sitini nzima pale tu ambapo hakuna kinga hata moja. Alikuwa amevua na vyuma. Picha ilikuwa na nguo, lakini hesabu inasema alisimama mbele yangu uchi, na mimi nikampiga mara kumi na saba nikijiita hodari.

Daftari langu lina tarehe. Mpaka Jumanne ya tarehe tisa Septemba alikuwa akinipiga hamsini na tatu. Kuanzia Jumatano ya tarehe kumi, sita. Jumatatu ya wiki hiyo Phanice alikupa barua yangu. Jina la Mwiba wa Mlimani mume wangu halijui, mtoto wangu halijui. Nililiandika mara moja tu duniani, kwenye karatasi, nikakutumia wewe.

Nilitaka kuhakikisha. Alhamisi nilivua vyuma vyangu vyote, nikaacha majambazi wanipige mpaka uhai wangu ukabaki kumi na tano, na uhai wa mtu wote wanauona. Nikaingia kiwanjani nikamwita. Mkono mtupu bila kinga ya kuugawana ni ishirini, ningeanguka kwa pigo moja. Akasimama. Hakunipiga hata ile sita yake. Nikampiga, akasimama. Nikamwandikia: "Wewe ni nani?" Akatoka, na jina lake halijawaka tena.

Umemlea kijana mmoja tu anayekaa mjini Kisii na kucheza na simu. Sitaki kuliandika jina lake hapa. Kama ni yeye, basi mkwe wangu amekaa mwezi mzima akijua ni mimi, akinisikia mdomo wangu ulivyo nikidhani hakuna anayenijua. Ni kama mtu amekuchungulia bafuni, na hakukimbia, alivuta kiti. Na wewe ulikuwa unamshikia pazia. Nimetema mate mpaka koo limekauka. Kwetu mkwe akimwona mama mkwe hivyo, wazee huitwa. Nitawaambia wazee nini? Kwamba tulipigana, nikamshinda?

Tarehe moja Novemba nitakuja kanisani kwa sababu ni Sabato. Lakini sitasimama.

Persis


Kenyenya,
Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Dada Persis,

Ni yeye. Sitakuzungusha.

Jina la Fundi Jeneza nalijua kwa sababu Orwa huja kwangu Jumapili na kulala kwenye kiti changu na simu, na Valarie humtania kwa jina hilo mpaka mezani. Niliposoma barua yako nilicheka kwanza, nilikuambia, kisha nikaacha. Kwetu pia, kule upande wa ziwa nilikozaliwa, mwanamume akimwona mama mkwe njiani huingia kichakani ampishe. Na huyu wangu alikuwa anampima jeneza.

Nilimwita Jumanne jioni akapanda gari akaja. Nikamsomea kile kipande cha barua yako. Alikaa chini sakafuni, mtu mzima mwenye ndevu. Hakuna aliyecheka. Nilimwambia afute mchezo siku hiyo hiyo. Akaniuliza mguu wako utakaa kwenye plasta mpaka lini, nikamwambia Oktoba. Akasema hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Nikitoweka, mama atabaki amelala pale bila mtu wa kumkasirisha. Na nikimpiga nimempiga mkwe. Acha niweke nyundo chini, anipige yeye mpaka apone." Nikamwambia ni ujinga. Akasema ataendelea kukugusa kwa mkono mtupu, ile sita tu, usije ukajua. Hakufikiri kuna mtu atakayeirudia hesabu kwa kalamu. Mimi pia sikufikiri.

Kwa hiyo kosa la kwanza ni langu. Ningekuandikia siku ile ile. Niliogopa utaona aibu kiasi cha kuvunja harusi, nikaona nikinyamaza litapita. Halikupita. Nimekukosea, na ninakuomba msamaha, na sitaki unijibu kwa upole kama hujasikia upole.

Lakini na mimi nina kinyaa changu, Persis, na leo utakisoma. Unasema alikuchungulia. Mimi nilikuwa hapa Jumapili ile alipokuja baada ya neno lako la Alhamisi. Nilimpikia samaki, hakula. Nilimuuliza, akanionyesha simu. Neno la mama yake. Wewe ulikuwa matangani, Persis. Tulimzika mama yake, Roselyne, mvua ikinyesha na wewe ndiye uliyemfunika mtoto kwa leso yako, alikuwa na miaka minne. Hukujua ni yeye, najua hukujua. Lakini ulimwandikia mtoto wa mtu, yeyote yule, na ukaniandikia mimi niliyembeba mgongoni kuniuliza kama ni ujeuri. Ndiyo sababu barua yangu ilikuwa risiti. Ningeandika zaidi ningekutukana.

Nilimsomea barua yako ya juzi. Hakukasirika. Alisema usilazimishwe. Amesema usiposimama tarehe moja, ataondoka yeye. Atamwambia Gesare kwamba amebadili nia, abebe lawama, ili mtu yeyote asijue mama yake aliandika nini. Nilimwambia Gesare atamchukia maisha yake yote. Akasema, ndiyo, lakini hatamchukia mama yake.

Sasa unajua yote. Kitambaa cha kijani kiko tayari, sijui nikitume.

Christabel


Ekerenyo,
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Kwako mwanangu Orwa,

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima. Mwili wangu unaendelea vizuri, natembea na gongo mpaka kituo cha majani na kurudi.

Najua si desturi mimi kukuandikia. Nilitaka kumpa shangazi yako maneno haya akufikishie, lakini niliyoandika niliyaandika kwa kidole changu moja kwa moja kwako, na haitakuwa haki nikitubu kupitia mtu mwingine. Sijamweleza Obwocha. Wazee sijawaita. Phanice atashuka kwenye stendi ya Kisii kesho asubuhi akuletee bahasha pale kazini kwako.

Nilichukia mchezo ule tangu siku ya kwanza, na bado nauchukia. Kisha nikakuchukia wewe kwa siku tano, nikamchukia na shangazi yako. Barua yake ilipofika nilikaa nayo mpaka chai yangu ikapoa na nzi wakaingia. Sasa kinyaa kimebaki na mahali pamoja tu pa kukaa, na ni kwangu mimi ninayeandika.

Nilikuandikia kwamba mama yako hakukufunza adabu. Wewe ukajibu ni kweli, hakupata nafasi. Nataka ujue kwamba wote wawili tulisema uongo. Mimi nilisema wangu kwa uovu. Wewe ulisema wako kwa kutojua, kwa sababu ulikuwa mdogo na hukumbuki.

Mimi nakumbuka. Roselyne alikuwa akitoka Oyugis siku za soko kuja Masimba kumtembelea wifi yake, huyo shangazi yako, mimi naye tukiwa na meza yetu ya nguo. Ulikuwa na miaka mitatu na suruali iliyokatwa kutoka kwenye koti la mtu mzima. Alikusimamisha mbele ya meza, ukamsalimu kila mteja aliyekuja, kwa mkono wa kulia, ukiushikilia kwa wa kushoto. Ukikosea mkono, hakukupiga. Alimwomba yule mteja asubiri, akakurudisha nyuma hatua tatu, ukaja tena upya. Kuna mzee mmoja wa Kenyenya aliyesalimiwa mara nne akinunua soksi. Alikuwa na haraka, lakini alisubiri. Mimi nilimwambia mama yako kwamba anakuchosha bure, mtoto wa umri huo hawezi kushika mambo. Akaniambia, "Kitu alichoanza nacho hakitamtoka."

Mwezi wa nne mwaka uliofuata tulimzika. Kwa hiyo alipata nafasi, mwanangu. Ilikuwa fupi, lakini aliitumia, na mimi nilikuwepo nikaiona kwa macho yangu, kisha nikaja kuandika kwamba haikuwepo. Sijui niliweza vipi.

Ukitaka kusikia zaidi habari zake, nina nyingine, si nyingi. Naweza kumwambia shangazi yako nawe ukae chumba cha pili usikie, kama inavyotupasa.

Jumamosi hii, tarehe moja, mzee Ogoti atasoma jina lako na la Gesare. Atauliza wazazi wa binti wako wapi. Niliapa kwamba sitasimama, na nilidhani ni mimi ninayepaswa kuamua kama unafaa kuwa mwanangu. Sasa naona sivyo. Nitakaa benchi ya tatu upande wa akina mama. Ukisema nisimame, nitasimama bila gongo. Ukisema huwezi kuwa na mama mkwe mwenye mdomo kama huu, sema, na usibebe lawama yoyote kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe nitamwambia Gesare kilichotokea, nianze na neno nililoandika.

Phanice atapita tena hapo Ijumaa mchana akirudi nyumbani. Tafadhali nijibu upesi, hata kama ni mstari mmoja.

Persis, Mama Gesare